Sindano za Kocha

Anayekutana na Hamira kwa mara ya kwanza huliona koti kabla ya kumwona mtu. Ni koti zito la kijivu, zipu imepandishwa mpaka kooni, koti la mtu wa nchi za barafu. Naye hulivaa ndani ya kiwanda cha mikate, mahali ambapo wenzake hufanya kazi kwa fulana nyepesi na bado jasho linawachuruzika. Akiinama kubeba trei, mkono mmoja hutangulia kukinga kifua, mithili ya mtu aliyeficha kifaranga ndani ya nguo. Ana mabega mapana, shingo nene na mikono ya kuweza kung'oa mlango. Macho yake, hata hivyo, ni ya mtu anayetembea ndani ya nyumba yake mwenyewe akiogopa kugusa vyombo.

"Hamira, bwana, leo harusi ya nani?" humtania Kijiko, mwendesha mashine ya kukandia unga, mtu mwembamba mwenye kichwa kikubwa, na hapo ndipo lilipotoka jina lake. "Umevaa kama bwana arusi aliyekosea msimu."

"Yako," hujibu Hamira. "Nangoja apatikane mwanamke wa kuolewa na kijiko."

Watu hucheka, kazi husonga, na zipu haishuki.

Jina la Hamira hakupewa na wazazi. Alipewa kiwandani, na wakati huo lilikuwa sifa. Lakini ili lieleweke ni lazima turudi nyuma kidogo, kwenye siku alizokuwa na mwili wa kawaida, kitambi cha kawaida na uchovu usio wa kawaida.

Alikuwa fundi wa tanuri. Kazi hiyo huanza watu wengine wanapofunga madirisha, na humalizika wanapoyafungua. Yeye ndiye aliyejua kwa kunusa tu kwamba mikate ya nyuma imeiva na ya mbele bado, yeye ndiye aliyeusukuma ndani na kuuvuta ule ubao mrefu wa kutolea trei, na uso wake ulikuwa na wekundu wa kudumu upande mmoja kwa sababu ya moto. Asubuhi alirudi nyumbani akinukia mkate, akapanda kitandani, na hapo ndipo dunia nzima ilipoamka. Chumba chao kilitazama ua wa kuchotea maji. Ndoo ziligongana, jirani wa kushoto alifungulia redio, jirani wa kulia aligombana na redio hiyo, na nyuma ya ukuta mashine ya kusaga nafaka ilinguruma mpaka alasiri. Alilala vipande vipande, kama mtu anayekula mkate kwa kudokoa makombo.

Mkewe alikuwa msusi, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kama ulimi wake. Alizoea kumkuta mumewe mezani, kijiko kikiwa mdomoni na macho yamefumba.

"Baba, meza au tema, lakini usinifie na kijiko changu," alimwambia.

Naye alimwita mama watoto. Alianza kumwita hivyo wiki waliyooana, kwa utani na kwa matumaini, kama mtu anayenunua kiatu kikubwa akijua mguu utakua. Miaka ilipita. Kiatu kilibaki kikubwa. Kadiri miaka ilivyoongezeka, neno hilo lilizidi kuwa zito mdomoni, mpaka siku moja akagundua kwamba amekwisha kuliacha, na kwamba mkewe ameligundua hilo kabla yake.

Hamu ya ndoa nayo ikamhama. Hakumweleza mtu. Mwanaume hukiri kwamba anaumwa jino, hukiri kwamba anadaiwa, lakini jambo hilo hulibeba kama jiwe kwenye kiatu na kuendelea kutembea bila kuchechemea. Mwisho alilitoa kwa mtu ambaye hakupaswa kulisikia.

Nyuma ya kiwanda palikuwa na jumba la mazoezi, chumba kirefu chenye vioo vilivyopasuka na vyuma vyenye kutu. Mwenye jumba aliitwa Kocha. Alikuwa na kifua cha kuwekea sinia na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Kila asubuhi alinunua mkate wa moto mlangoni pa kiwanda, na kila asubuhi alimtazama fundi wa tanuri kwa huruma ya muuzaji.

"Shemeji, unazeeka na umri bado," alimwambia siku moja.

Hawakuwa na undugu wowote. Neno shemeji lilimlegeza Hamira.

"Ni kazi tu, Kocha. Silali."

"Si kazi. Ni homoni. Homoni ya kiume, testosteroni. Ikishuka, mtu anabaki jina." Akamsogelea, akapunguza sauti. "Mna watoto wangapi?"

Hamira alitazama mikate.

"Basi umeshajijibu," alisema Kocha. "Uanaume ndio unaotengeneza mtoto. Uanaume ukipungua, mtoto atatoka wapi? Ninayo sindano. Wiki chache tu, na mke wako ataniletea kuku wa shukrani."

Hesabu hiyo ilikuwa nyepesi na ilikuwa na mantiki ya kutosha kumdanganya mtu aliyechoka: uanaume hutengeneza mtoto, uanaume umo kwenye kichupa, basi mtoto yumo kwenye kichupa. Hakuna aliyempima damu. Hakuna aliyemuuliza analala saa ngapi. Katika chumba kidogo nyuma ya vioo, Kocha alimchoma paja, akampiga kofi begani na kumwambia, "Karibu tena duniani."

Na kweli alikaribia. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi, kwamba mwanzoni ilifanya kazi. Magunia ya unga aliyokuwa akiyaburuta alianza kuyabeba begani, kisha mawili kwa pamoja. Shati lilimbana, mikono ikajaa, shingo ikanenepa. Ni Kijiko aliyemtazama asubuhi moja akibeba mzigo na kupaza sauti: "Jamani, huyu amewekewa hamira! Msimwache karibu na joto, atafurika kwenye trei!" Kiwanda kizima kilicheka, naye akacheka kuliko wote. Nyumbani mkewe alimshika mkono, akaubonyeza kama anayechagua papai sokoni, akasema, "Nani huyu ameingia kwangu?" Kwa muda walikuwa kama maarusi. Aliamini kwamba sasa ni suala la kungoja tu.

Walingoja. Mwezi ulikuja na ukaondoka na habari zilezile. Hamira akafikiri dawa haitoshi, akaenda kwa Kocha kuomba kipimo kikubwa zaidi, na Kocha hakuwa mtu wa kukataa biashara.

Ndipo vikaanza vitu vidogo. Vipele vikubwa vilimtoka mgongoni. Alianza kukoroma kwa namna ya kutisha, anakata pumzi, anashtuka, hata ule usingizi wa makombo ukapungua. Hasira ikawa karibu. Siku moja trei moja iliungua kwa kosa la Kijiko, naye akaipiga ukutani mpaka ikapinda, na kila mtu akashtuka, pamoja na yeye mwenyewe, kwa sababu hakuwahi kuwa mtu wa kupiga vitu. Kichwa kilimuuma upande wa nyuma. Halafu, akiwa anaoga, alihisi maumivu chini ya chuchu, na kitu kigumu mfano wa kifungo. Baada ya muda kile kifungo kilikua. Kifua alichokipenda kwenye kioo kilianza kulegea na kuchomoza kwa umbo asilolitaka, umbo la msichana anayebalehe. Hapo ndipo aliponunua koti.

Sehemu nyingine zilikuwa zikisinyaa. Hilo hakulinunulia kitu. Alizima tu taa kabla ya kuvua nguo.

Wakati huo mama yake alikuja kukaa nao kwa siku kadhaa. Alikuwa mjane mwenye mgongo ulionyooka na maneno yaliyonyooka zaidi. Alimzunguka mwanawe mara mbili, kama anayekagua nyumba iliyopakwa rangi upya, akaridhika. Kisha akamgeukia mkwewe, na hakuridhika.

"Mwanangu umenilishia vizuri," alimwambia. "Mwanaume kama huyu angekuwa na timu ya mpira. Nawe, mkwe wangu, umekwenda kuangaliwa?"

"Nimekwenda, mama."

"Wakasemaje?"

"Wamesema niko salama."

"Wao husema hivyo," alisema mama, akaendelea kuchambua mchele.

Hamira alikuwa amekaa hapo hapo. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja, na neno hilo lilikuwepo, kwa maana moyoni alishaanza kushuku. Akainua glasi ya maji na kunywa polepole mpaka mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mchele. Mkewe alimtazama kwa muda wote wa ile glasi.

Mama alipoondoka, msusi alifunga mlango. "Nimefanyiwa vipimo vyote, hata vile ambavyo sitaki kuvisimulia. Wewe hujapimwa hata joto. Kesho tunakwenda wote."

"Mimi? Nitazame."

"Nakutazama. Unakoroma kama trekta, unatoka damu puani, unalala na koti. Kesho."

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mwandiko mbaya na masikio mazuri. Alimpima shinikizo la damu, akapima tena kwa mkono mwingine, akauliza taratibu, "Kaka, unatumia dawa yoyote?"

"Situmii."

"Virutubisho? Vidonge vya mazoezi? Sindano?"

Hamira alisoma kalenda ya ukutani kwa makini, kana kwamba atatahiniwa.

"Wahenga walisema mficha uchi hazai," alisema daktari. "Mimi nalitumia neno hilo karibu kila siku humu ndani, na si kwa mafumbo."

Zipu ilishuka, na habari ya Kocha na sindano zake ikatoka. Mkewe, aliyekuwa amekaa kando, aliona kwa mara ya kwanza katika mwanga wa mchana kile kilichokuwa chini ya koti. Akaweka mkono mdomoni, kisha akaushusha upesi asije akamuumiza.

Majibu yalipotoka, daktari aliwaita tena. Damu ilikuwa imezidi uzito, alisema, na damu nzito ikikutana na shinikizo la juu mtu anaweza kuanguka na kupooza akiwa bado kijana. Matiti yalitokana na ile homoni, kwa kuwa mwili ukijazwa kupita kiasi hugeuza sehemu ya homoni ya kiume kuwa ya kike. Kisha akafika kwenye mbegu za uzazi. Akavua miwani.

"Hakuna."

"Kidogo?" aliuliza Hamira.

"Hakuna hata moja, kaka."

"Lakini daktari," alisema, na sauti yake ikawa ya mtu anayetetea risiti dukani, "mimi nilichoma *ili* nipate mtoto."

Mkewe aligeuka kumtazama. Siku zote alidhani mumewe alichoma, kama alichoma kitu, kwa ajili ya kioo.

Daktari alieleza bila haraka. Mwili wa mwanaume hutengeneza testosteroni yake kwa amri ya ubongo, na amri hiyohiyo ndiyo inayoziamsha korodani zitengeneze mbegu. Homoni ikimwagwa kutoka nje, ubongo huona imejaa, nao hunyamaza. Amri zikikoma, kiwanda cha ndani hufungwa. Hamira alilisikia kwa lugha ya kazi yake: ni kama mwenye kiwanda anayeletewa mikate iliyookwa kwingine, lori baada ya lori, akawaambia waokaji warudi nyumbani. Rafu zimejaa, kila anayepita nje anasema biashara inastawi, na ndani tanuri limepoa.

"Ulipimwa damu kabla ya kuanza?" aliuliza daktari. "Asubuhi, kuona kama homoni imeshuka kweli?"

"Kocha alinipima kwa macho."

"Wapo wanaume ambao homoni yao imeshuka kwa ugonjwa. Hao hupimwa zaidi ya mara moja, hupewa dawa inayojulikana, hufuatiliwa. Na kama wanataka mtoto, hatuwapi hiyo sindano kabisa. Wewe, kwa maelezo yako, ulikuwa mtu asiyelala, mwenye kitambi, anayekaa motoni. Testosteroni nyingi hutengenezwa usingizini. Mafuta ya tumbo huila. Joto la tanuri linalopiga hapo chini huharibu mbegu. Huenda mambo hayo peke yake yangekurudisha."

"Dawa ni kulala?"

"Kulala, usiku, usingizi mzima. Kupunguza tumbo polepole. Kutembea, kunyanyua vitu kwa kiasi. Mayai, maharage, samaki, mboga, chakula cha kawaida. Pombe uiweke mbali. Nitakupa na vidonge vya kujaribu kuziamsha korodani. Sindano acha, na sitaki usikie kwamba kuacha ni rahisi. Utajisikia mtupu."

"Halafu zitarudi?"

"Kwa wengi hurudi, baada ya miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Wengine hawarudishiwi kile walichokitarajia. Siwezi kukuahidi." Akamtazama mkewe, ambaye umri wake ulikuwa umeandikwa kwenye faili mezani, akaongeza kwa upole, "Najua kwamba nyinyi hamna muda wa kuchezea."

Walitoka nje. Msiba wa kujitakia hauna kilio, na Hamira hakulia. Alifunga zipu.

Msimamizi wa kiwanda alimsikiliza akiwa anasaini karatasi. "Zamu ya mchana? Mkate wa mchana unaokwa na nani? Mchana tunafungasha tu."

"Basi nitafungasha."

"Fundi mzima?"

"Nitafungasha, bosi."

Hivyo tanuri akapewa Kijiko. Hamira alihamia kwenye meza ndefu ya wafungashaji, wote wanawake, kazi ya kutia mikate kwenye mifuko ya nailoni na kukaza klipu. Vidole vyake vinene vilirarua mifuko. "Kaka Hamira, huo ni mkate, si adui," walimwambia. Mshahara ulipungua, heshima ilipungua, lakini usiku alilala. Alijifunza kulala kama mtu anayejifunza lugha ukubwani, kwa makosa mengi. Alitembea kwenda na kurudi kazini. Alikula mayai ya kuchemsha mpaka akachukia kuku.

Na ule utupu ulikuja kama alivyoambiwa. Misuli iliondoka kama wageni waliosikia chakula kimekwisha. Matiti hayakuondoka. Daktari alisema nyama hiyo ikishaota huenda ikahitaji kisu, na kisu si cha mtu wa kufungasha mikate. Alichoka hata kunyanyua sega. Hamu ya ndoa, iliyokuwa imerudi kwa mkopo, iliondoka na riba. Mara kwa mara alijifungia kwenye stoo ya unga, akakaa juu ya gunia na kutazama vumbi jeupe likishuka kwenye mwanga wa dirisha. Akitoka, wenzake walimwona na uso mweupe wenye michirizi miwili, na hakuna aliyetania.

Kipimo cha pili kilifanyika baada ya msimu mzima wa kulala na kutembea. Walikwenda wakiwa wamevaa vizuri. Jibu lilikuwa lilelile: hakuna.

"Bado ni mapema," alisema daktari.

Msusi alishukuru kwa niaba ya wote wawili. Njiani alijaribu mzaha, akasema angalau sasa anamjua mume wake asiyekoroma. Hamira aliitikia kwa kichwa. Kesho yake, baada ya kazi, hakugeuka kushoto kuelekea nyumbani. Aligeuka kulia.

"Nilijua utarudi," alisema Kocha. "Ona ulivyonywea, shemeji. Hao madaktari wanakausha watu."

"Nataka nguvu tu. Mara moja. Sijisikii kama mtu."

"Mara moja," Kocha alikubali, huku sindano ikiwa tayari imetoka kwenye droo.

Haikumchukua mkewe muda kujua. Mtu aliyeshinda miezi akijikokota hawezi kuamka Jumatatu akipiga mluzi. Alikuwa amekaa kitini akichambua nywele za bandia kwa ajili ya mteja, kifurushi chake cheusi kikiwa wazi mapajani, akauliza bila kuinua macho.

"Umechoma?"

Mluzi ulikatika.

"Moja tu."

Aliendelea kuchambua. Nyuzi zilikuwa nyingi na hakukosea hata moja. "Mimi nilikuwa nangoja na wewe," alisema hatimaye. "Kumbe nilikuwa nangoja peke yangu."

Laiti angepiga kelele. Hamira alisimama katikati ya chumba, ile nguvu ya kukopa ikimchemka kwenye mikono bila ya kuwa na kitu cha kubeba.

Daktari hakumgombeza pia. Alisema tu kwamba ubongo umeambiwa tena ulale, na kwamba muda wote uliopita sasa unahesabiwa kuwa haukuwepo. Wakaanza upya. Safari hii msusi alimsindikiza mpaka kiwandani kila asubuhi, na jioni alimngoja kwenye kona ya lile jumba la mazoezi, mkoba begani, akimtazama Kocha machoni mpaka Kocha akajifunza kununua mkate kwingine.

Wakiwa katika mwanzo huo wa pili, mama alirudi, safari hii akiwa na maneno aliyoyapanga. Alimngoja mwanawe wabaki wawili.

"Nimesubiri vya kutosha. Nataka kumshika mjukuu kabla ya mikono yangu kutetemeka. Yule binti ni mwema, sina ugomvi naye. Lakini mti usiozaa huachiwa kivuli chake, mtu akapanda mwingine. Jumapili ya mwisho wa mwezi nitakwenda kuzungumza na wazazi wake, kwa heshima."

Hamira alihisi ile glasi ya maji mkononi, ingawa safari hii hakuwa na glasi.

"Mama, tatizo ni langu."

"Usimbebee mzigo."

"Simbebei. Nilipimwa. Mara mbili. Sina mbegu, mama. Nilijichoma dawa, zikafa."

Mama alimtazama kuanzia mabegani, ambayo bado yalikuwa mapana, mpaka kwenye ile mikono. Kisha alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyedanganyika.

"Wewe? Baba yako alikuwa nusu yako, na nilizaa kila nilipogeuka. Amekufundisha useme hivyo?"

"Mama, nitazame." Akashika zipu, akaishusha.

Yule mama alikuwa amelea wanaume wanne na kuzika mume. Alitazama, na kwa kitambo kidogo uso wake ulilegea, ukawa wa mwanamke anayemwona mtoto wake ameanguka kisimani. Lakini aliukaza tena.

"Umenenepa," alisema. "Funga, utapata baridi. Jumapili ya mwisho wa mwezi nitakwenda."

Angeweza kumzuia kwa maneno gani? Neno la kweli alilitumia, nalo lilikwama kwenye mabega yake mwenyewe. Jioni alimweleza mkewe yote, na msusi akakunja kanga, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kwetu watamsikiliza," alisema. "Baba yangu amechoka kuulizwa na watu. Akiambiwa nirudi, ataniambia nirudi."

"Nawe utarudi?"

"Mume wangu, miaka niliyobakiwa nayo ni kama nyuzi za msuko, naihesabu kwa vidole. Sikudanganyi. Kama kuna hata mbegu moja iliyoamka, moja tu, nitawakatalia baba yangu na mama yako pamoja. Kama hakuna..." Akaiweka kanga kwenye sanduku.

Kipimo cha tatu kiliangukia siku za mwisho wa mwezi huo huo. Daktari alisema waziwazi kwamba hategemei mengi, muda ni mfupi tangu ile sindano ya mwisho, lakini kama wanataka kujua, wapime. Walitaka kujua. Asubuhi hiyo Hamira alikabidhi kikopo kwa aibu ileile, na mtu wa maabara alikipokea kwa uchovu uleule.

Msusi aliacha mteja kitini, nusu ya kichwa ikiwa imesukwa na nusu nyingine imesimama kama ufagio. "Nenda, dada," yule mteja alimwambia. "Nitakaa hivi hivi. Mkinipa habari njema nitatembea na hii nusu mpaka sokoni."

Sasa wamekaa kwenye benchi la mbao nje ya maabara. Kwenye korido kunanukia dawa ya kusafishia sakafu, na saa ya ukutani imesimama tangu zamani, hivyo hakuna wa kuilaumu. Kila mlango unapofunguka wote wawili huinuka kidogo, kisha hukaa. Mama mmoja ameitwa. Mzee mmoja ameitwa, amesimama, amegundua si yeye, ameketi.

"Wakisema hakuna?" anauliza Hamira.

"Bado hawajasema."

"Wakisema ipo?"

Msusi ameikamata ncha ya mkono wa koti la mumewe kwa vidole viwili, kama anavyoshika unywele wa kwanza kabla ya kuanza msuko, haivuti wala haiachii. Nyuma ya mlango mtu anavuta kiti. Hatua zinakuja. Kitasa kinazunguka, mtu wa maabara anachungulia na karatasi kadhaa mkononi, anarekebisha miwani, anatafuta jina.